Jina Nisiloliandika

Mwanangu Sabra,

Salamu na dua nitakupa kesho bandarini kwa mdomo, na machozi pia kama yatanijia, kwa hiyo humu sikuwekei. Barua hii naichomeka kwenye begi lako la mkono, chini ya mkate wa ufuta aliokuokea shangazi yako. Najua boti haitafika mbali kabla hujautafuta huo mkate. Utashangaa mamako kaandika kwa kalamu, mimi ambaye siku hizi hata kukuita uje ule nakutumia ujumbe wa sauti kutoka jikoni. Sababu ya kalamu utaiona huko mwisho.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Umesomea uuguzi, ukilala bila chandarua utakuwa umejitakia mwenyewe. Mambo ya namna hiyo kayachukua babako. Hivi sasa yuko ukumbini anakufungia begi kubwa kwa kamba, kana kwamba zipu haikutosha, na kila akimaliza fundo anakumbuka kitu cha kutia ndani, anafungua tena.

Mimi nimekaa nimetulia. Nakwambia hivyo kwa sababu kesho watu wataniona mamako nimevimba macho, wataanza kunipa pole. Wamekwisha kuanza. Jana jirani kanijia na uso wa matanga: Pemba mbali, mtoto wa kike ndiye huyo huyo mmoja, mtafanyaje? Nikampa chai, pole yake sikuipokea. Pole ningeitaka ule wakati ulipokuwa umemaliza chuo, cheti kimelala kabatini, na wewe unauza mikoba ya watu mtandaoni, unacheka mchana na usiku naona taa ya simu yako haizimwi. Nilikuwa naogopa, Sabra. Niliogopa kazi uliyoipenda tokea mdogo itakuponyoka hivi hivi tunaangalia. Barua ya kazi ilipokuja nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi bila kujua nimekaa wapi. Ingesema Pemba au ingesema mwezini, mimi ningeshukuru.

Basi juzi ukanipa habari nyingine. Mkuu wa kituo chako kipya kakupigia, kakwambia kwa kuwa wewe ndiye kijana, utashika simu ya kituo: ujumbe kwa wajawazito, vikumbusho vya kliniki, maswali yao, yote kwako. Ukacheka ukasema, "Mama, nnakwenda kuwa wewe, Bi Zuwena wa Pemba!" Nami nikacheka. Halafu nikenda jikoni nikasimama mbele ya lile birika la bluu, ukanikuta hapo, ukaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Nilikuwa nacho. Nilikuwa nafikiri kwamba unakwenda kuwa Bi Zuwena na hujui Bi Zuwena huyo alitokaje, wala birika lile lilifikaje nyumbani.

Unakumbuka nilivyoanza. Kituo chetu kilikuwa na ugonjwa mmoja wa siku zote: mjamzito anakuja mara moja, anapewa kadi, anapotea mpaka uchungu umshike. Tuliwalaumu wao. Hatukujiuliza wanavyokaa kwenye benchi tokea asubuhi, kisha wanaitwa, wanapimwa, wanaambiwa "haya, njoo mwezi ujao" na mlango unafungwa. Mtu wa namna hiyo anarudi kufanya nini? Ukanipa ile simu yako ya zamani yenye ufa kwenye kioo, nami nikaona nimepata dawa. Nikafungua gurupu la watsapu, nikaliwekea picha ya waridi, nikaanza kuingiza nambari za kina mama wote wa kliniki, mmoja baada ya mmoja, na miwani yangu puani.

Wewe ulikuwa mkekani unakula embe mbichi kwa pilipili. Ukaniangalia.

"Mama, humo kila mtu anaiona nambari ya mwenzake. Watumie mmoja mmoja. Iko njia, nitakuonyesha."

"Si wote wana mimba? Wanaoneana haya ya nini?"

"Si hivyo, mama."

"Sabra, mie nnazalisha tokea wewe hujazaliwa. Jana tu nilikuwa nnakutia poda."

Ukala embe lako. Mimi nikaendelea, na nilijisikia vizuri kweli kweli, mkunga wa kisasa.

Hilo gurupu mwanzoni lilikuwa kimya kama msikiti wa saa nne asubuhi. Nilikuwa naandika maelezo marefu, mengine kwa herufi kubwa, nikiona tiki za bluu zinajipanga nikasema maashallah, wanasoma, wana adabu. Wewe ukapita nyuma yangu ukasoma begani, ukasema, "Umetuma hotuba ya sikukuu." Nikakufukuza. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti ambao sijui ulitoka wapi, mwanamke anasema vidonge vyekundu vya damu vinamtia mtoto kichwa kikubwa, hatoki. Damu ikanipanda. Nikaandika: NANI KASEMA UJINGA HUU? Hakujibu mtu. Siku hiyo hiyo jioni mama mmoja akaniandikia pembeni, peke yake: "Bi Zuwena samahani, mie ndiye ninayeviogopa vile vidonge. Vinanitapisha. Nivimeze na nini?"

Swali zuri, na jibu lake jepesi: ameze baada ya kula, kwa maji ya ndimu au chungwa, asimeze kwa chai. Nilimjibu, akashukuru, akaendelea navyo. Swali lile nililitaka siku zote mbele ya watu, na lilinijia kwa mlango wa uani kwa sababu mbele nilikuwa nimesimama mimi na herufi zangu kubwa. Ningekuwa mtu wa kujifunza haraka ningejifunza hapo hapo. Sikujifunza.

Sasa nikwambie habari ya mwanamke nitakayemwita Raya. Silo jina lake. Wengine humu ndani pia nimewapa majina mapya, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni nani. Yeye mwenyewe kanipa ruhusa nikusimulie.

Raya ni mke wa pili. Mumewe ana duka la vyombo Mlandege, sufuria, sahani, machupa ya chai. Alikuwa ameshaharibu mimba mbili, na zote mbili, kwa hesabu yake yeye, ziliharibika baada ya watu kujua. Wewe unatujua sisi. Mimba kwetu haitangazwi. Mtu anavaa dera pana, harufu ya samaki ikimchafua anasema kafunga sunna, na wewe unayemwona huulizi, unasema tu "umenawiri" na unazungumza mengine. Mimi mwenyewe nilipokuwa nimekubeba wewe, bibi yako mzaa babako aliambiwa wakati kanga imekwisha kunishinda kufunga. Na aliyemwambia si mimi. Hilo la hasadi waulize masheikh, mimi sina elimu yake. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyezika matumaini mara mbili ana haki ya kulificha la tatu.

Alinijia kwa mlango wa nyuma, kajitanda mpaka machoni, akaomba apimwe wa mwisho benchi likishakuwa tupu. Mtoto alikuwa mzima. Presha ilikuwa imeanza kupanda, si sana, lakini ya kuangaliwa. Nikamwambia aje kila wiki, asikose hata moja. Akaitikia. Nikamwambia, "Nipe nambari yako nikukumbushe," akanipa bila kusita, kwa sababu mimi ni mkunga. Alikuwa bado yuko nje anavaa viatu, mimi nimekwisha kumtia kwenye gurupu.

Humo ndani alikuwemo mke mwenzake.

Alikuwemo tokea wiki za nyuma. Naye alikuwa mjamzito, anakuja siku nyingine, na kwenye kadi yake limeandikwa jina la mume ambalo mimi niliwahi kuliona na sikulioanisha. Nitamwita Mwanaidi. Raya hajafika hata njia kuu, Mwanaidi kaandika: "Hongera mke mwenzangu! Kumbe na wewe umo! Maashallah!" Na maua, na makopa, na nyuso zinazobusu. Gurupu lililokuwa halisemi likafumka. Hongera, hongera, hongera, na mmoja wao ni jirani wa mkwe wake Raya, mlango kwa mlango. Mji wetu huu unaujua, ukipiga chafya Mpendae, Mlandege wanakuombea rehema. Kisha ikatokea ile mistari midogo ya kijivu kwamba Raya ameondoka.



Wiki ilipofika Raya hakuja. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa kumuomba radhi, ukakaa na tiki moja. Nikatuma mwingine, tiki moja. Kazima simu. Nikawa nalala nalo na kuamka nalo, presha inayopanda na mwanamke sijui alipo, nami ndiye niliyemkimbiza. Wewe ulidhani nina malaria, ukanishika kipaji cha uso.

Siku moja nikitoka kazini miguu ikanipeleka Mlandege mpaka dukani kwa mumewe. Nikaingia, nikasimama katikati ya sufuria. Akaja mwenyewe, mtu mstaarabu.

"Karibu bibie. Unatafuta nini?"

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo nilipoona kwamba sina neno moja la kumwambia ambalo si siri ya mtu. Nikiuliza mkewe yuko wapi, ataniuliza wewe nani na unamtakia nini. Nikisema mimi mkunga, nimesema yote. Je, anajua kuhusu presha? Je, kaambiwa kwa nini mkewe kazima simu? Sikujua, na haikuwa kazi yangu kujua.

"Birika," nikasema.

"La rangi gani?"

"Lolote."

Ndilo hilo la bluu. Nimefika nalo nyumbani ukaniuliza, "Mama, tuna mabirika mawili, hili la nini?" Nikakwambia la wageni, na nikaenda kulia chooni.

Usiku huo baada ya kula nilikuuliza, na nilijitahidi nionekane nauliza jambo dogo: "Ile njia yako ya kuwatumia mmoja mmoja, ikoje?" Hukusema "si nilikwambia." Ulikuwa na haki ya kusema, na ningekuwa mimi ningesema, na ningerudia. Wewe uliichukua simu, ukasogea karibu, ukanionyesha taratibu namna ya kutuma ujumbe mmoja ukamfikia kila mtu peke yake, na kwamba lazima kila mama aiweke nambari yangu kwenye simu yake kwanza, bila hivyo haumfikii. Sijawahi kukushukuru kwa kunyamaza kule. Leo nakushukuru.

Nikalivunja gurupu. Nikamwendea kila mama kwa ujumbe wake, nikawaambia nimekosa kuwaanika bila ruhusa yao. Wengi walisema hamna tabu. Siku ya pili yake Mwanaidi akaja kituoni, na si siku yake ya kliniki.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Sikuja kwa tumbo langu. Mke mwenzangu haji kliniki, au nnakosea?"

"Habari za mtu sina ruhusa ya kuzitoa."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo ndo unaficha! Haya, wewe nyamaza, mie nitasema. Kaniogopa mie. Na hana makosa. Nilimpongeza mbele za watu kwa kuwa nilifurahi, wallahi nilifurahi, lakini na mie nilitaka watu waone sina wivu. Ningekuwa na akili ningempigia peke yake." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yuko kwa bibi yake, ukishaupita msitu wa Jozani. Kamwambia mume anakwenda kumuuguza bibi. Bibi ana simu ya kitochi, nambari hii hapa. Usiseme mie niliyekupa."

Sabra, yule niliyekuwa nikimwona ndiye balaa lenyewe, ndiye aliyekuja na ufunguo. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa tumbo lake.

Nikampigia bibi.

"Nani?"

"Mie Zuwena, bibi. Shikamoo. Mkunga wa mjini."

"Yule wa kwenye simu?"

"Ndiye mie."

"Hataki." Akakata.

Kesho yake nikampigia tena. Sikumuuliza mjukuu. Nilimuuliza yeye, magoti yake, kuku wake, mvua kama imefika huko. Akanijibu kwa ufupi lakini akanijibu. Nilipopiga tena mara ya tatu, kabla sijasema kitu akaniambia, "Kichwa kinamuuma tokea jana. Na anasema mbele ya macho anaona kama mbu wanaruka."

Wewe umesomea, sina haja ya kukueleza. Nilikwenda saa ile ile. Nikavua sare nikavaa buibui, mashine ya presha nikaitia kwenye kikapu chini ya mikate, nikamuomba jirani gari lake na yeye mwenyewe aendeshe. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Raya. Tulipofika msituni kima punju wanavuka barabara kwa raha zao, watalii wamesimama wanawapiga picha, nikawasema wote, kima na watalii, jirani yangu mpaka leo ananikumbusha.

Alikuwa kalala kitandani, uso umemvimba. Aliponiona hakushtuka. Akasema, "Bi Zuwena, mie tumbo langu nilikuonyesha wewe. Sikuwaonyesha watu."

Yale niliyoyatunga njiani nikayaacha. Nikakaa sakafuni karibu na kitanda.

"Kweli. Nilikosa, mwanangu. Haikukosa simu, nilikosa mie. Nisamehe."

Bibi yake aliyekuwa kasimama mlangoni akasema, "Mpime kwanza. Msamaha utakuja, haupotei njia."

Nikampima. Namba sikuandikii, ungeruka kitini. Nikamwambia inabidi tuende hospitali sasa hivi, gari liko nje. Unajua kaniuliza nini? Kichwa kinampasuka, macho yanaona mbu, hakuniuliza kama atakufa. Kaniuliza, "Nani atajua?"

"Mie, bibi, na daktari."

"Na mume wangu?"

"Huyo utamwambia wewe, ukipenda, siku utakayopenda."

Akaninyooshea mkono nimwinue.

Walimpasua siku hiyo hiyo. Mtoto alitoka mdogo, wa kushikwa kwa kiganja na nusu, lakini alitoka analia, na kilio kile ukiniuliza kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia katika kazi hii nitakwambia ni hicho. Mama yake alizinduka akauliza mtoto yuko wapi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, na nililia kwa sauti, watu wakadhani nimefiwa, mwanamme mmoja akaanza kunipa pole. Nikamwambia, "Si pole, baba, sema alhamdulillahi." Akasema.

Toka hapo ndipo nilipoanza kuitumia simu kama mtu mwenye akili. Kila mama ninayemsajili namuuliza kwanza: simu hii anaishika nani zaidi yako? Utashangaa majibu. Mmoja simu ni ya mume, mwingine ya mkwe, mwingine ya kaka yake anayempa Ijumaa tu. Kila mmoja namuuliza nimwandikie nini na nisimwandikie nini, na aniweke kwa jina gani. Kwenye simu za watu mimi ni fundi cherehani, mimi ni Mama Maandazi, mimi ni Bi Udi. Mume wa mmoja aliwahi kunipigia kuagiza udi wa harusi ya dada yake, nikamwambia umekwisha, subiri mzigo. Ungenisikia nilivyokuwa nasema uongo kwa adabu.

Nimejifunza kusema kwa ufupi na kwa sauti, kwa sababu sauti yangu wanaijua na kusoma si kila mtu anapenda. Nimejifunza kuuliza zaidi ya kueleza. Likija swali la kipumbavu nalijibu kama swali la maana, kwani mara nyingi nyuma yake limesimama la maana linaona haya. Na damu ikinipanda, maana bado inapanda, naitia simu ndani ya pipa la mchele mpaka niwe mtu. Ndiyo maana siku ile ulipouliza kwa nini simu yangu ina vumbi la mchele sikukujibu.

Lakini usije ukaiogopa simu kwa hadithi hii, ukawa unarudi kwenye kadi na "njoo mwezi ujao". Hapana. Benchi letu halikuwa likijaa zamani kama linavyojaa sasa, na wanaokaa juu yake wanajua wamekuja kwa nini. Mama anaona damu alfajiri ananiambia kabla hajamwambia mtu, namwambia njoo, anakuja. Haya yote nimeyapata humo humo kwenye ile simu yenye ufa. Ila simu haibonyezi mguu ikaona umevimba, na haisikii mtu anapokaa kimya kwa hofu. Hapo utatia viatu uende.

Sasa sababu ya kalamu.

Leo baada ya Alasiri, wewe umekwenda Darajani kununua viatu, Raya kaja. Kaja na yule mtoto, ambaye siku hizi anakimbia na kavunja kikombe kimoja hapa. Mwanaidi naye alijifungua salama, watoto wao wanacheza pamoja, na wanapigana. Raya kakuletea doti ya kanga, iko juu ya begi, utaiona. Nikamtengea chai kwa lile birika la bluu. Anajua lilivyopatikana, nilikwisha kumwambia, na kila akilitazama anacheka.

Akauliza, "Sabra anapangiwa Pemba wapi?" Nikamtajia. Akasubiri babako atoke kutafuta kamba nyingine, kisha akanisogelea.

"Nna mdogo wangu huko huko, kaolewa. Ana mimba. Anajua mumewe tu, hata mamangu hajui. Kliniki haendi, anaogopa yaliyonifika mie. Nimemwambia kuna mtu atakuja, amngoje." Akanishika mkono, kama alivyonishika siku ile ya kitandani. "Mwambie Sabra jina lake. Mwambie kwa mdomo, Bi Zuwena."

"Naam," nikasema.

Mwanangu, nimepewa vyeti katika kazi hii, vingine vimetundikwa ukutani na vingine vimeliwa na mchwa. Hakuna nilichopewa kinachofikia hili. Yule niliyemwanika mbele za watu ndiye aliyenipa siri ya mdogo wake niikabidhi kwako. Ndiyo maana nakwambia nimetulia. Kesho nitalia, lakini ujue ninavyolia.

Unaposoma hapa, bandarini pameshapita. Nilikukumbatia, nikakunong'oneza jina la mwanamke na jina la kijiji, ukanitazama ukidhani mamako kachanganyikiwa kwa majonzi, na sikukufafanulia kwa sababu babako na shangazi zako walikuwa wamesimama. Sasa unajua ni nani, na kwa nini habari yake sikuipitisha kwenye simu. Nenda kwake taratibu, usivae sare, muulize kwanza kuku wake. Na lile jina, Sabra, liache pale pale nilipoliweka.

Mamako,
Zuwena